Jumapili ni ya Nani?

Ndugu msomaji, hebu hesabu siku za juma kwa vidole. Jumamosi ni juma mosi, siku ya kwanza. Jumapili ni ya pili. Zinafuata Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Hapo hesabu inakatika ghafla. Badala ya Jumasita inaingia Alhamisi, neno lililotoka kwenye Kiarabu, na maana yake ni siku ya tano. Kumbe lugha yetu ina siku mbili za tano zinazofuatana, na wala hakuna anayeshtuka. Tumezaliwa tukazikuta hivyo.

Maelezo yake si magumu. Waarabu huanza hesabu na Jumapili, wao wanaiita siku ya kwanza, ndiyo maana Alhamisi kwao ni ya tano. Waswahili wa pwani, waliokuwa Waislamu karne nyingi kabla misheni haijafika, walianza kuhesabu upya baada ya swala ya Ijumaa: kesho yake mosi, keshokutwa pili. Lakini hawakufika mwisho. Alhamisi na Ijumaa wakaziacha na majina yake ya Kiarabu. Matokeo yake ni kichekesho kidogo cha historia. Injili zote nne zinasema kaburi lilikutwa tupu siku ya kwanza ya juma, na Mkristo wa hapa kwetu Dumila anaiadhimisha siku hiyohiyo kwa jina la siku ya pili. Wakatoliki wanalo neno Dominika, la Kilatini, yaani siku ya Bwana, lakini hilo aghalabu hubaki kwenye matangazo ya kanisani. Muumini akishavuka mlango anasema Jumapili kama watu wengine wote.

Nimeanza na majina kwa sababu yanatuambia jambo moja mapema: Jumapili ya Kikristo ilipofika nchi hii ilikuta siku zina wenyewe. Na siyo swala tu. Wakulima na mabaharia wa pwani walikuwa na mwaka wa jua ulioanzia Nairuzi, uliogawanywa kwa miongo, yaani makumi ya siku. Kwa miongo ndiyo walijua lini kupanda na lini pepo zinageuka. Jembe lilihesabu kwa kumi, msikiti ukahesabu kwa saba, na watu waliishi na hesabu zote mbili bila ugomvi. (Wafaransa nao, baada ya mapinduzi yao, walijaribu mwaka 1793 kuifuta Jumapili kwa kuweka juma la siku kumi. Kalenda hiyo ilifutwa rasmi mwanzoni mwa 1806. Wafanyakazi walikuwa wamegundua mapema kwamba kupumzika mara moja kwa siku kumi si sawa na mara moja kwa siku saba!)

Sasa, Dumila ni njiapanda. Basi linalotoka Morogoro kwenda Dodoma linapita hapa, na hapa ndipo inapochepuka barabara ya Rudewa na Kilosa. Jirani yetu Magole kuna ile ya kwenda Turiani. Hata Ukristo ulitufikia kama njiapanda, kutoka pande mbili.

Upande wa kaskazini, chini ya milima ya Nguru, ipo Mhonda. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni pale mwaka 1877 wakitokea Bagamoyo, walikokuwa tangu 1868. Hawakuja peke yao. Walikuja na familia za Kikristo kutoka Bagamoyo, watu ambao wengi wao walikuwa wamekombolewa utumwani. Upande wa magharibi, katika milima ya Ukaguru, ipo Mamboya, walikofika Waanglikana wa CMS kufikia mwaka 1880. Mmoja wao, J. T. Last, alikaa na Wakaguru kiasi cha kuandika sarufi ya lugha yao, ikachapishwa 1886.

Pande hizi mbili zilileta Jumapili mbili tofauti, na mpaka leo ukisikiliza vizuri unaweza kuzitambua. Waanglikana wa CMS walitoka katika Uingereza ya watu wakali wa Jumapili. Kulikuwa na sheria ya mwaka 1677 iliyokataza biashara siku hiyo, na mwaka 1831 ilianzishwa jumuiya nzima kwa kazi moja tu, kuilinda siku ya Bwana. Mapadre wa Mhonda walitoka Ufaransa, ambako mwaka 1880 serikali ilifuta sheria ya kupumzika Jumapili na kuirudisha mwaka 1906, safari hii kwa ajili ya wafanyakazi. Kwa hiyo wakati padre Mfaransa anawafundisha watu wa Mhonda kuweka jembe chini, kule kwao mwenye kiwanda alikuwa huru kisheria kumwita kibarua kazini Jumapili. Najiuliza kama kuna aliyewaambia watu wa Nguru habari hiyo.

Lakini mimi nawafikiria zaidi wale waliokombolewa. Katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, desturi ilikuwa mtumwa afanye kazi ya bwana wake siku tano, halafu Alhamisi na Ijumaa alime kishamba chake mwenyewe ili apate chakula. Hizo siku mbili hazikuwa mapumziko, zilikuwa jembe jingine. Hata hivyo zilikuwa zake. Mtu wa namna hiyo akifika misheni anaambiwa kwamba siku yake sasa ni Jumapili, na siku hiyo asilime kabisa, hata cha kwake. Kengele ikilia anakwenda misani. Je, aliiona kama zawadi, au aliiona kama bwana mpya anayempangia siku? Nadhani yote mawili, kutegemea na nani aliyeulizwa na jinsi chakula kilivyokuwa nyumbani. Wanaoandika historia ya misheni kwa kusifu tu, na wanaoandika kwa kulaani tu, wote wanaruka swali hili.

Torati yenyewe hairuki. Amri ya kushika siku ya saba imeandikwa mara mbili. Katika Kutoka, sababu yake ni kwamba Mungu alipumzika baada ya kuumba. Katika Kumbukumbu la Torati sababu ni nyingine kabisa: kwamba ninyi mlikuwa watumwa Misri. Na wanaotakiwa kupumzika wanatajwa: mtumwa wa kiume, mtumwa wa kike, ng'ombe, punda, mgeni. Yaani hesabu inaanza na mwenye nyumba lakini inakwenda hadi zizini. Ukiisoma sura ile ya tano polepole utaona kwamba mwenye mali haambiwi tu apumzike. Anaambiwa awaache wengine wapumzike, na hapo ndipo penye kazi.

Wakristo wa kwanza hawakuwa na siku ya kupumzika hata kidogo. Jumapili katika dola ya Kirumi ilikuwa siku ya kazi kama Jumatatu yetu, hivyo walikutana kabla ya kwenda kazini au baada ya kutoka. Na kukutana kwenyewe kulikuwa hatari. Mwaka 304 huko Abitina, katika nchi inayoitwa Tunisia leo, Wakristo 49 walikamatwa wakisali pamoja nyumbani kwa mtu siku ya Jumapili. Wakapelekwa Karthago. Walipoulizwa kwa nini wamevunja amri ya Kaisari, jibu lao lilikuwa kwamba bila siku ya Bwana hawawezi kuishi. Hawa walikuwa Waafrika, ndugu msomaji, na wakati huo Ulaya kubwa ilikuwa haijabatizwa.

Miaka 17 baadaye mambo yakageuka. Tarehe 7 Machi 321 Kaisari Konstantino alitoa amri kwamba waamuzi, watu wa mijini na mafundi wote wapumzike siku ya jua. Hapo ndipo Jumapili ilipopata nguvu ya serikali. Lakini amri hiyohiyo ina kipengele ambacho kingewafurahisha wakulima wa Dumila: watu wa mashamba waliruhusiwa kuendelea, kwa sababu mara nyingi siku hiyo huangukia kuwa ndiyo bora ya kupanda nafaka au mizabibu, na msimu ukipita haurudi. Karani wa mahakama alale, mkulima alime. Tangu siku ya kwanza ya Jumapili ya sheria, mwenye jembe alikuwa amesamehewa pumziko. Au tuseme alinyimwa? Kusamehewa na kunyimwa hapa vinafanana sana.

Habari ya Waafrika kuwapokea Wazungu Jumapili wakiwa hawajui kitu pia si kweli kwa bara zima. Ethiopia walibishana karne nyingi kuhusu Jumamosi na Jumapili. Mtawa Ewostatewos, aliyefariki 1352, alifukuzwa na kwenda ughaibuni kwa sababu ya kushikilia kwamba Sabato ya Jumamosi iheshimiwe pamoja na Jumapili. Wafuasi wake hawakuacha, na mwaka 1450 Mfalme Zara Yaqob akaitisha mtaguso uliokubali siku zote mbili. Hapa kwetu mjadala wa Jumamosi ulifika na Waadventista Wajerumani walioanza kazi Upareni mwaka 1903. Leo hapa njiapanda unaweza kukuta Msabato amefunga genge Jumamosi na jirani yake amefunga Jumapili, na mteja mwenye akili anajua pa kwenda.

Baada ya misheni ukaja mkonge. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta nchini mwaka 1893, na baadaye mashamba yake yakaenea mpaka huku kwetu Kilosa, sehemu za Kimamba na Rudewa. Mkonge ulikuja na kitu kinachoitwa kipande. Kibarua alipewa kadi yenye nafasi 30. Kila siku aliyomaliza kazi aliyopimiwa, aliwekewa alama. Kadi ikijaa ndipo analipwa. Mtindo huo ulianza kwa Wajerumani na ukaendelea kwa Waingereza.

Marehemu babu yangu alikata mkonge ujanani, shamba lipi halina haja kutajwa. Alikuwa akisema mwezi wa kipande ni mrefu kuliko mwezi wa Mungu. Ukiumwa, mwezi unarefuka. Mvua ikikuzuia, unarefuka. Jumapili haikuwa na nafasi yake kwenye kadi, kwa hiyo kila Jumapili nayo iliurefusha mwezi. Nilimwuliza kama walikwenda kanisani. Akacheka. Alisema Jumapili ilikuwa siku ya kufua shati, kutoa miiba, kunywa pombe na kulala, na katekista alikuwa akipita kwenye kambi akigonga milango kama mdai. “Siyo kwamba tulimkataa Mungu,” aliniambia, “tulikuwa tumechoka.” Sijapata kusikia mahubiri yaliyomjibu yule mzee sawasawa.

Ikaja siasa. Hapa kuna jambo la ajabu ambalo nililigundua kwa kupekua kalenda za zamani, na ukitaka kahakikishe mwenyewe. Mapinduzi ya Zanzibar, 12 Januari 1964, yalikuwa Jumapili. Muungano, 26 Aprili 1964, Jumapili. Azimio la Arusha lilipotangazwa, 5 Februari 1967, Jumapili tena. Uchaguzi mkuu nao, kuanzia 1975 hadi 2015, ulifanyika Jumapili, isipokuwa ule wa 2005 ambao uliahirishwa ukaangukia Jumatano. Mwaka 2020 na 2025 ikawa Jumatano. Taifa letu limezaliwa na kujipanga siku ambayo watu hawako ofisini. Sisemi kuna siri yoyote. Nasema tu siku iliyo wazi haikosi wa kuitumia.

Lakini katika hizo Jumapili zote, ile ya Azimio ndiyo inayonigusa. Sote tulikariri shuleni habari za ujamaa na miiko ya viongozi. Mwalimu hakutuonyesha sehemu ile inayozungumzia kazi. Azimio linasema wanawake wa vijijini wanafanya kazi pengine saa 12 au 14 kwa siku, na kwamba wanafanya kazi hata Jumapili na sikukuu. Linasema wao ndio wanaofanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote Tanzania. Wanaume wa vijijini, Azimio linasema, wako likizo nusu ya maisha yao. Yameandikwa hayo, na yalitangazwa siku ya Jumapili, na siku hiyohiyo bila shaka kina mama wa Ukaguru na Nguru walikuwa mtoni na ndoo.

Hebu tuje nyumbani. Mama yangu Jumapili anaamka saa kumi na moja alfajiri. Anafagia uwanja, anachota maji, anabandika chai, anapiga pasi mashati ya wanaume watatu, anawaogesha wajukuu. Ibada ikianza saa tatu yeye ameshafanya kazi ya nusu kutwa. Kisha anakaa kwenye benchi, anasikiliza jinsi siku ya Bwana ilivyo siku ya pumziko, huku kichwani anahesabu kuni. Akirudi ni jikoni, maana Jumapili lazima chakula kiwe kizuri na wageni hawakosekani. Siku iliyo maalumu kwetu sisi wanaume ni maalumu kwake pia, kwa maana kwamba ina sufuria nyingi zaidi. Niliwahi kumwambia Jumapili moja akae, nitapika mimi. Akanitazama kama nimeugua.

Na mashambani je? Anayejua Dumila anajua nyanya. Nyanya ikiiva haijui Jumatatu wala Jumapili. Ukiichelewesha siku mbili kwenye jua hili, imekwisha. Lori la kwenda Dar likifika Jumapili alfajiri, dalali anataka matenga yawe tayari, basi vibarua wameingia shambani kabla ya kengele. Wanalipwa kwa tenga au kwa kazi waliyopimiwa, na ukimtazama vizuri kibarua wa nyanya utaona kipande cha babu bado kipo, kadi tu ndiyo haipo. Mpunga nao una adha yake. Ukianza kutoa suke lazima kuamia, kufukuza ndege, kuanzia kukipambazuka hadi jua linazama. Kwelea kwelea hawana siku ya ibada. Wanaoamia mara nyingi ni watoto na kina mama.

Sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na akifanya kazi katika saa hizo alipwe mara mbili. Haisemi lazima iwe Jumapili, na nadhani hiyo ni busara katika nchi yenye dini nyingi. Lakini we nenda shamba la nyanya ukaisome sheria hiyo kwa sauti, uone watakavyokukodolea macho. Kibarua wa siku moja hana wiki. Ana leo.

Jirani zetu Waislamu nao wana lao la kusema, na wana haki. Ofisi zinafungwa Jumapili kutwa, hata Zanzibar ambako karibu watu wote ni Waislamu, na Ijumaa mtu anajibana aende msikitini arudi kazini. Jumapili ya ofisi ni urithi wa wakoloni, kanisa halikuitisha kura. Mkristo anayelalamika kwamba Jumapili imeingiliwa na mpira, mikutano ya hadhara na magenge yasiyofungwa, akumbuke kwamba analalamikia siku ambayo serikali imeshamwachia. Mwenzake anaiomba saa moja tu.

Kwa maoni yangu, wanaosema Jumapili inakufa wanaangalia mahali pasipo. Wanaangalia baa na viwanja vya mpira. Kijana aliye baa ana Jumapili yake, ila ameamua kuitumia vibaya au vizuri, hilo ni lake na Mungu wake. Mimi naangalia wale ambao hawajawahi kuipewa: tangu yule mkulima wa Konstantino, mtu wa kipande, hadi mama mwenye kuni kichwani. Kanisa la hapa lina maneno mengi kwa wasiokuja ibadani. Kwa wanaowaajiri wasiokuja, nao wako benchi la mbele na suti, sijasikia neno.

Kule majarubani kuna utaratibu ambao sijauona umeandikwa popote. Msimu wa kuamia, majaruba ya Mkristo na ya Mwislamu yakiwa yamepakana, wanapokezana. Jumapili asubuhi Mwislamu anaamia pande zote mbili mpaka jirani yake arudi kanisani. Ijumaa kuanzia saa sita Mkristo analipa. Mwaka jana niliwakuta mama wawili wakigombana juu ya hesabu. Mmoja, aliyetoka ibadani na kanga ya Jumapili bado mabegani, alikuwa ameshika teo na anasema ibada yao ya saa tatu ilichelewa kwa sababu ya harambee, si kosa lake. Mwenzake alikuwa anahesabu kwa vidole, anasema harambee haimo kwenye mapatano, anadai Ijumaa moja na nusu.